Windows Mpya, Ugonjwa Uleule

Fundi wetu wa mtaani hana maneno mengi. Unamweleza kompyuta ilivyoanza kusumbua, yeye anasikiliza huku akipapasa mfuko kutafuta flashi, na kabla hujafika nusu ya maelezo ameshatoa hukumu: "Mama, hii ni ya kupiga Windows tu." Mwaka 2023 kompyuta yangu ya mezani ilipigwa Windows mara tatu ndani ya miezi saba. Kila mara shida zilikuwa zilezile mbili. Masasisho yanaanza kushuka, yanafika mahali, yanagoma. Na pembeni mwa skrini kidirisha cha antivirusi kinaibuka kutangaza kwamba kimekamata kitu na kukifungia, nisiwe na wasiwasi. Baada ya siku chache kinaibuka tena, kimekamata kitu kilekile.

Mara ya pili ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na orodha ya michango, nani kaahidi kiasi gani na nani kalipa nusu, nilikuwa nimeiweka palepale kwenye skrini ya mbele ili nisihangaike kuitafuta. Fundi aliuliza kama kuna vitu vya kuhamisha. Nikamwambia vyangu vyote viko kwenye folda ya nyaraka. Akaihamisha hiyo, akafuta vilivyobaki. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua maana ya kumpigia mtu simu kumuuliza alikuwa ameahidi shilingi ngapi. Kumbukumbu za wengi zilirudi zimepungua sifuri moja.

Sisimulii haya ili kumsema fundi. Anachokiamini ndicho kinachoaminiwa ofisini, vyuoni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni imani yenye nguzo tatu. Kwanza, masasisho ni mdudu wa kula bando na kuharibu mashine, kwa hiyo yazime. Pili, antivirusi inayolia kila siku ni kelele, kwa hiyo izoee, au iletee mwenzake wa pili wasaidiane. Tatu, vyote vikishindikana, piga Windows. Mimi nasema nguzo zote tatu zimesimama juu ya kosa moja, nalo ni kuichukulia taarifa kuwa usumbufu. Ujumbe wa hitilafu ni ushahidi. Anayepiga Windows kabla ya kuusoma anachoma ushahidi moto, halafu anashangaa mhalifu akirudi.

Nianze na nguzo ya kwanza, na niitendee haki, maana ina hoja. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10 ambalo kwenye baadhi ya kompyuta lilifuta mafaili ya watu. Ikabidi lisimamishwe, likarudi Novemba likiwa limerekebishwa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na abiria wakalala viwanja vya ndege. Anayesema sasisho linaweza kuiangusha mashine hasemi uongo.

Lakini kesi hizo mbili zinathibitisha nini? Ile ya 2018 ilimuumiza asiyekuwa na nakala ya mafaili yake mahali pengine, na huyo hata fundi mwenye flashi angemuumiza, kama nilivyoumizwa mimi. Ile ya 2024 haikupitia kwenye masasisho ya Windows hata kidogo. CrowdStrike ni ulinzi unaonunuliwa na makampuni na mashirika, na kompyuta ya sebuleni kwako haikuwa nayo. Kuzima masasisho ya nyumbani kwa sababu yake ni sawa na kuacha kupanda daladala kwa sababu umesikia meli imezama.

Sasa tazama hasara ya upande wa pili wa mizani. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kubadilishana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, siku 59 baadaye, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilipita kwenye tundu lilelile. Iliingia katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo ya kuanzia dola 300. Nchini Uingereza hospitali za umma zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kompyuta iliyokuwa imepokea kiraka cha Machi haikuweza kuambukizwa kwa njia hiyo. Dawa ilikuwa imetolewa bure miezi miwili kabla ya ugonjwa. Wengi walioumia ni wale ambao kwao sasisho lilikuwa limegoma, limeahirishwa au limezimwa.

Najua jibu litakalokuja: bando. Hoja ya bando ni ya kweli, nami nanunua bando kama wewe. Lakini Windows ina sehemu ya kuitambulisha intaneti yako kuwa ni ya kupimwa, na ukishaiwasha, inaacha kupakua mizigo mingi bila idhini yako. Unaweza kuyasimamisha masasisho kwa hadi wiki tano, ukayafungulia siku ya nafuu. Masasisho makuu ya usalama hutoka mara moja kwa mwezi, Jumanne ya pili, na la mwezi huu hubeba ndani yake ya miezi iliyopita, kwa hiyo aliyechelewa halazimiki kuyafuata moja moja. Tena faili la sasisho unaweza kulipakua ofisini au kwenye intaneti kafe kutoka katika hazina ya masasisho ya Microsoft yenyewe, ukaja nalo nyumbani kwenye flashi. Mwenye bando dogo anahitaji ratiba. Aliyezima moja kwa moja ameokoa megabaiti akaweka rehani kila kilicho ndani ya diski.

Tuje kwa sasisho linalogoma. Likigoma huacha namba, namba mbaya kwa sura, inayoanza na sifuri na eksi. Watu wengi huiona wakafunga kidirisha haraka, kama mtu aliyefungua bahasha ya bili. Namba hiyo ndiyo mwanzo wa matibabu. 0x80070070 maana yake diski imejaa, na hapo kinachohitajika ni kuhamisha zile video za harusi, si kupiga Windows. Januari 2024 kompyuta nyingi za Windows 10 ziligoma kupokea sasisho moja kwa namba 0x80070643. Ujumbe wake haukuwa na msaada wowote, lakini Microsoft yenyewe ilieleza sababu: sehemu ndogo ya diski inayotunza zana za ukarabati ilikuwa finyu, ikahitaji kupanuliwa kwa megabaiti 250. Namba si mtabiri, na moja inaweza kuwa na chanzo zaidi ya kimoja. Lakini imekupunguzia msitu ukabaki uchochoro.

Yangu ilikuwa 0x80072F8F. Niliinakili kwenye karatasi baada ya Windows ya tatu, kwa hasira tu, nikaenda kuitafuta kwenye simu. Inahusu tarehe na saa. Nikatazama pembe ya chini ya skrini, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue kompyuta ile nikasoma tarehe iliyoandikwa pale: 1 Januari 2012.

Hapo kila kitu kilijipanga. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo, bapa kama sarafu, inayoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea pale umeme unapokuwa haupo. Yangu ilikuwa imekufa. Mradi waya uko ukutani, saa inalishwa na umeme na inakwenda sawasawa. Umeme ukikatika, au ukizima soketi kwa kuogopa umeme, kama tunavyofanya wengi wetu, mashine inaamka ikiwa mwaka 2012. Na kompyuta iliyoko mwaka 2012 haiwezi kuziamini seva za leo. Seva huonyesha vyeti vya utambulisho vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwa saa yangu vyeti hivyo vilikuwa havijaanza kazi. Sasisho likakataliwa mlangoni, na orodha mpya ya virusi ambayo antivirusi huihitaji ikakataliwa pamoja nalo.

Utauliza, si intaneti hurekebisha saa? Hurekebisha, ikiwa tofauti ni ndogo. Huduma ya saa ya Windows kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kawaida hukataa kusahihisha tofauti inayozidi saa 15, na yangu ilikuwa nyuma kwa miaka kumi na moja. Na kwa nini ilikuwa ikipona kila baada ya kupigwa Windows? Kwa sababu fundi aliiweka saa sawa kwa mkono, bila hata kufikiri, akaenda zake. Kilichotibu ni yale makofi mawili ya kibodi, ila sifa ikaenda kwa flashi. Umeme ulipokatika, ugonjwa ukarudi, na sisi tukasema "Windows imekufa tena."

Nguzo ya pili inahusu onyo linalojirudia. Kabla ya kulizoea, jiulize nani anayelitoa. Maonyo mengi yanayowatisha watu, ya rangi nyekundu, yenye kusema umekutwa na virusi vitano na leseni yako imekwisha, si ya antivirusi yoyote. Ni arifa za kivinjari. Siku moja ulifungua tovuti ya filamu au ya mpira, ikakuomba ruhusa ya kukutumia arifa, ukabonyeza kukubali ili ikuache. Tangu hapo inakubandikia matangazo yaliyovaa sare ya ulinzi. Ukipiga Windows yataondoka, ni kweli, lakini yangeondoka pia kwa kufuta ruhusa hiyo katika mipangilio ya kivinjari, kazi ya dakika moja. Na yatarudi ukirudi kwenye tovuti ile na kidole kilekile.

Onyo la kweli lina jina la kitu na mahali kilipo. Langu lilisema AutoKMS. Hilo ni jina ambalo Microsoft imeipa zana ya kuifanya Windows au Office ya wizi ionekane imelipiwa. Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini onyo halikomi. Kuna utaratibu halali wa makampuni ambapo uthibitisho wa leseni hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila siku saba. Zana ya wizi huigiza seva ya kampuni, na ili uthibitisho usiishe hujipangia zamu ya kuamka yenyewe mara kwa mara. Kila ikiamka, antivirusi inaikamata. Ukiifuta faili na kuiacha ile zamu, au ukiiacha programu iliyoileta, itarudi. Antivirusi yangu haikuwa imechanganyikiwa. Ilikuwa inamkamata mwizi yuleyule kila anaporuka ukuta, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwachia ngazi.

Nani alimleta? Flashi ya fundi. Maelekezo ya zana hizo karibu yote huanza hivi: zima antivirusi kwanza. Huyo ni mgeni anayekuomba umpe mlinzi likizo kabla hajabisha hodi. Kila Windows mpya niliyopigiwa ilikuja na mgeni huyo tayari yuko ndani, na kwa hisani ya fundi folda yake ikaandikwa kwenye orodha ya vitu ambavyo antivirusi isivichungulie, ndiyo maana kilichokamatwa kilikuwa kile tu kinachotoka nje ya folda hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wale wanaoongeza antivirusi ya pili ili wasaidiane wanaweka mabaunsa wawili mlango mmoja: kila mmoja anamshuku mwenzake, mashine inakuwa nzito, na mwizi yumo ndani anatazama.

Na hapa pana jambo ambalo imani ya mtaani haitaki kuliona. Sasisho linalogoma na onyo linalojirudia hudhaniwa kuwa balaa mbili zilizokutana kwa bahati mbaya. Kwangu zilikuwa na vyanzo viwili, lakini pengine huwa ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Novemba 2008 alitokea mdudu aliyeitwa Conficker, akaambukiza mamilioni ya kompyuta. Alipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa Oktoba mwaka huohuo, na matoleo yake ya baadaye yakasambaa pia kwa flashi. Akishaingia, moja ya kazi zake ilikuwa kuzima huduma ya masasisho na kuzuia kompyuta isifungue tovuti za kampuni za antivirusi. Alijua vizuri nani atakayemtoa. Kwa hiyo aliyeona sasisho limegoma akasema "ni apdeti tu zinasumbua" alikuwa anamtetea mdudu bila kujua. Mbinu hiyo haikufa na Conficker. Masasisho yanapokataa na antivirusi inapolia kwa wakati mmoja, shuku kwanza kwamba dalili hizo zina baba mmoja.

Nguzo ya tatu sasa, kupiga Windows kwenyewe. Sisemi ni haramu. Kuna siku ni sawa kabisa: pale programu hasidi ilipokwisha kuchimba ndani hadi huiamini tena mashine. Lakini ni hatua ya mwisho baada ya nyingine ndogo zisizofuta kitu. Tazama saa. Tazama nafasi ya diski. Zima na kuwasha upya kikweli. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, mafaili ya mfumo huweza kuharibika, na Windows ina zana zake za kuyatengeneza: amri ya `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` huirekebisha hazina ya mafaili salama, kisha `sfc /scannow` huyabadilisha yaliyoharibika kwa kuyachota humo. Kwa mdudu king'ang'anizi, antivirusi ya Windows yenyewe ina ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka, wakati mdudu bado amelala. Unachukua kama robo saa. Na ikiwa hitilafu inatokana na diski inayokufa, kupiga Windows juu yake ni kupaka rangi nyumba inayobomoka, tena ukiwa umefuta picha ambazo zingeweza kuokolewa kwanza.

Na siku ikifika, ipigwe kwa faili safi lililopakuliwa kwa Microsoft na kuwekwa kwenye flashi ya kuanzia GB 8, si kwa flashi iliyozunguka mtaa mzima. Kompyuta nyingi za chapa kubwa zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu, na ukiweka toleo linalolingana nao, Windows hujithibitisha yenyewe. Yangu ilikuwa mojawapo. Ilikuja na toleo la nyumbani, fundi akaniwekea la kitaalamu kwa kuwa lina jina zuri, leseni ikakataa, akaleta zana ya wizi. Nilikuwa naiibia mashine kitu ilichokuwa nacho mfukoni. Asiye na leseni naye ana njia. LibreOffice ni bure kwa kazi za ofisi, na Linux Mint ni bure kwa kompyuta nzima. Jambo hilo lina uzito zaidi kwa wenye mashine za zamani sasa, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Imebaki hoja moja, nayo hunyamaziwa. Kwa nini mafundi hupiga Windows kabla ya kuuliza? Si kwa ujinga. Ni kwa sababu hicho ndicho tunachokubali kulipia. Fundi akikaa saa nzima anasoma namba na kutafuta chanzo, kisha akabonyeza mara mbili na kusema imepona, tunamwambia "mbona hujafanya kitu?" na tunaanza kupunguza bei. Akichomeka flashi, skrini ikageuka bluu, asilimia zikapanda na mashine ikawaka inang'aa kama mpya, tunatoa pesa bila kununa. Tumeweka bei kwenye flashi, hatukuweka kwenye kufikiri. Soko likajibu.

Kwa hiyo nilimwita tena. Nikamwonyesha ile karatasi yenye namba, nikamwonyesha tarehe ya 2012. Akatazama kwa muda, akafungua ubavu wa mashine, akang'oa ile sarafu kwa ncha ya bisibisi na kuipima. Imekufa. Akanitazama. "Mama, kumbe ni hii?" Nikamwambia ni hiyo, na flashi yako. Akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa kwa haki. Jioni ile tuliitoa zana ya wizi, tukaifuta ile folda kwenye orodha ya vitu visivyochunguliwa, tukaiweka Windows ya toleo lake kutoka kwenye faili safi. Hiyo ilikuwa ya nne, na ya kwanza kupigwa tukijua kwa nini. Orodha ya michango mipya ilikuwa salama kwenye simu.

Betri mpya iligharimu shilingi 2,000. Fundi alipotaja hiyo tu kuwa ndiyo bei, nilimlipa 15,000, bei ileile ya kupigiwa Windows. Jirani aliyekuwa amekaa kibarazani aliona nimeibiwa. Namwachia mahesabu: nililipa mara tatu kwa flashi na nikapoteza orodha ya harusi. Nililipa mara moja kwa swali, na hadi leo ninapoandika, tarehe kwenye pembe ya skrini ni ya leo.